Maji ya Esha

Mjukuu wangu Somoe, mke mwenzangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Newala mikorosho imechanua. Mama yako amerudi kazini Masasi, nimebaki mimi na kuku.

Nimesikia damu imeganda kwenye vali yako mpya ya moyo, wakakurudisha wodini huko Dar. Unaniuliza kama ni aibu kuketi katikati ya ngazi na kuhema.

Enzi za Mwingereza tulifuata maji bondeni. Mdogo wangu Esha alizaliwa na moyo mbovu kama wako, ila sisi tulimwita mvivu. Siku moja aliketi katikati ya mlima, nikampita. Nyumbani mama akauliza, "Mwenzio yuko wapi?" Nikatua mtungi, nikarudi.

Nilimkuta palepale. Mtungi wake umejaa, na yale majani ya kutuliza maji yasimwagike yangali juu.

"Mbona hukumwaga maji ili upande ukiwa mwepesi?"

"Nilijua utarudi, dada."

Hatukukaa naye miaka mingi.

Basi keti, mjukuu wangu, uheme. Miguu yangu hainifikishi Dar. Safari hii niliyeketi njiani ni mimi, na sijamwaga; najua utarudi.

Bibi yako