Kitabu cha Saba cha Inspekta Mwadime

Jumatatu, 4 Machi

Mvua. Wateja hakuna hapa Kebirigo. Nimefunika cherehani mapema nikaenda nyumbani kumsomea Tata, baba yangu, kitabu kipya cha Inspekta Mwadime, cha saba. Vile sita alivisoma mwenyewe, kisha akanipa mimi. Sasa jicho la kushoto limekufa kwa presha ya macho, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia tunduni. Daktari wa Kisii alitaka kulipasua mwaka jana. Tata alikataa. Hataki hata litajwe.

Sura mbili leo. Sijapenda. Mwandishi amechoka.

Jumatano, 6 Machi

Muuaji ni mwenye gereji. Mimi nimejua, Tata amejua. Alimtaja huku akichambua maharagwe kwa vidole. Anasema vitabu vya zamani vilimficha mtu mpaka ukaona aibu kwa kutomjua. Nikamwuliza kama tuache.

"Mtu haondoki mazishini katikati," akasema.

Tunaendelea.

Ijumaa, 8 Machi

Sura ya tisa. Nilitangulia kuisoma peke yangu dukani. Inspekta anapoteza macho. Presha hiyo hiyo. Anawaficha wenzake. Anajifanya kusoma faili. Nilikasirika, nikakaa na suruali ya mtu mapajani bila kushona. Sura hiyo ni nzuri kuliko kitabu kizima. Hilo ndilo linaniuma.

Nilipofika nyumbani nikairuka. Nikamsomea ya kumi. Tata akauliza kwa nini Inspekta amemwachia koplo usukani, na tangu kitabu cha kwanza hajawahi kumwachia mtu gari. Nikasema sijui. Nimemdanganya, na Sabato inaingia.

Sabato, 9 Machi

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Hadithi za mauaji hatusomi siku ya leo, kwa hiyo tumeshinda na ile sura katikati yetu. Tata hakula sana. Alipapasa kikombe, akakikosa, akapapasa tena. Mama aliona. Sote tuliona.

Jumapili, 10 Machi

"Soma ile uliyoruka," Tata alisema kabla sijaketi.

Nikasoma. Sikupunguza neno. Inspekta anamwaga chai mbele ya mkubwa wake, anasingizia mkono kuwa na ganzi. Tata aliinama. Nilipomaliza aliomba nirudie hapo pa chai.

"Huyu mwandishi, ama ana baba kama mimi, ama ni yeye mwenyewe."

Nikafunga kitabu. Kisha akasema, "Mimi naogopa kisu, Moraa. Si kingine."

Sijawahi kumsikia baba yangu akisema anaogopa.

Jumatano, 13 Machi

Tumemaliza. Mwenye gereji, kweli. Inspekta anabaki peke yake katika chumba cha kupanga, gizani. Mwisho wa haraka, mbovu. Tata anasema ni kitabu kibaya chenye sura moja ya kweli, na kwa sura hiyo hajutii kukisikiliza. Mimi mtu akiniuliza kama kinafaa kusomwa, nitamwonyesha ya tisa tu. Nakichukia kidogo.

Keshokutwa tunaenda Kisii. Siku ameitaja yeye.

Ijumaa, 15 Machi

Daktari hakuzungusha maneno. Kilichopotea hakirudi. Upasuaji ukifaulu utalinda kilichobaki. Tumechelewa, ila si kabisa. Tata alimhoji kama mshukiwa: kisu kinaingia wapi, nani atakishika, ameshika mara ngapi. Halafu akakubali. Mlangoni aliushika mkono wangu. Nilikaa kwenye benchi nikiomba bila mpangilio.

Wamelifunika jicho. Atalala huko.

Jumapili, 17 Machi

Tumerudi nyumbani. Jicho bado limefunikwa. Hatujui.

Mchana nilikuwa nje naanua nguo, nikamsikia Tata akimsimulia Mama kitabu chote, kwa Kikisii. Mama hajali vitabu hivi, huviita mambo ya polisi. Leo alisikiliza. Tata alizipita mbio sura mbaya. Ya tisa aliisimulia taratibu, na chai ikamwagika. Akafika mwisho, Inspekta na chumba chake.

"Huyo askari hana watu wake?" Mama akauliza.

Tata akajibu, "Hana. Mwandishi hakumpa."

"Basi hapo ndipo alipokosea," Mama akasema, akamwekea kijiko cha uji mkononi, akamfunga vidole juu yake.