Kimo cha Kitanda cha Mama

Pala, 4 Juni

Mdogo wangu Lissy,

Hujambo? Watoto nao? Mimi mzima, ukiondoa mgongo.

Picha yako gazetini nimeiona. Mke wa Mzee Kuruvilla, huyu mgonjwa niliyeajiriwa kumhudumia, aliniletea mwenyewe, akasema, "Ona mdogo wako alivyo na akili." Umesimama mbele ya wanawake arobaini, unawafundisha kumhudumia mgonjwa wa nyumbani bila kumbeba: kitanda kipandishwe hadi nyonga, mgonjwa atelezeshwe kwa shuka. Mama alipolala miaka mitatu, nani alipanga mawe mawili mawili chini ya miguu ya kitanda? Nani alikunja msuli wa Baba, ile nguo yake ya kiunoni, tukamvuta Mama kwa huo? Leo mwalimu ni wewe. Mimi namnyanyua Mzee wa kilo sabini na nane mara tisa kwa siku. Zidisha. Kilo mia saba na mbili, mwaka wa kumi na moja huu, na gazeti halijanipitia.

Dada yako,
Thankamma

Thodupuzha, 15 Juni

Shikamoo Chechi, dada yangu mkubwa,

Watoto wazima, wanakusalimu. Nilikutaja, mwandishi hakuandika. Ila sikusema yote. Mawe yale uliyapanga kwa nyonga yako, na yangu iko chini ya yako kiganja kizima. Miaka mitatu nilimgeuza Mama mabega yakiwa juu. Kwa bega la kulia, mkono mpaka leo haufiki kwenye nywele. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unajivunia mawe yako. Ninachofundisha ni hicho: kila mtu ajipime.

Na wewe unayejua, kitanda cha Mzee mbona kiko chini? Nakutumia shuka.

Mdogo wako,
Lissy

Pala, 2 Julai

Lissy,

Salamu kwa wote. Kitanda ni cha urithi, wenyewe hawataki mawe yakwaruze miguu yake. Niliomba mara moja, mwaka wa kwanza. Shuka nimelifungia. Siwezi kutumia kitu unachosifiwa wewe.

Bega pole. Ungesema. Kutoa jiwe moja ni kazi ya dakika tano.

Dada yako

Thodupuzha, 3 Septemba

Chechi,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu hujajibu. Nitukane basi, nijue upo.

Mdogo wako

Nyumbani, 19 Oktoba

Lissy,

Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inateremka. Agosti Mzee aliniponyoka, nikamdaka. Yeye hajambo. Wamemleta mwanamke mwingine, akakataa kuanza kazi mpaka kitanda kipandishwe. Wakakipandisha siku hiyo hiyo. Ni mmoja wa wale arobaini wako. Hilo limeniuma kuliko mgongo.

Daktari amekataza nisijigeuze mwenyewe miezi minne. Jirani ananigeuza kama gunia la mihogo. Shuka lako ninalo chini ya mto. Mawe yapo uani, nimemwambia fundi asiyapange kwanza. Nyonga yangu ni sentimita themanini na saba, hiyo iache. Jipime kutoka sakafuni hadi nyonga, unipe namba.

Dada yako

Thodupuzha, 24 Oktoba

Chechi,

Sabini na sita. Nafika Alhamisi.

Mdogo wako