Kalenda Yangu Ninaionea Fahari, Ila Mama wa Mapokezi Imemshinda

Mshauri wangu, shikamoo. Miaka yote nimekuwa nikisoma ukurasa huu nikiwacheka wenzangu wanaolia na waume na mawifi, na leo zamu imenifikia mimi, tena silii na mume wala wifi, ninalia na kalenda, tafadhali usicheke, nisome mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, kazi yangu ni kutengeneza tovuti na mifumo ya kwenye intaneti, tuko saba katika ofisi ya ghorofani yenye madirisha mawili na feni inayolia, na nasema bila kujidai, au tuseme nikijidai kidogo, kwamba katika hao saba hakuna anayenifikia kwa vile vitu ambavyo mtu anaviona kwenye skrini na kuvigusa. Hospitali moja kubwa inawapangia wagonjwa miadi kwa mfumo uliotoka mikononi mwangu, kila kitufe, kila orodha inayoshuka ukiibofya, jedwali la madaktari na zamu zao, na juu ya vyote kalenda ya kuchagulia tarehe, ambayo niliikalia miezi mitatu mpaka ikawa laini, ukihama mwezi huu kwenda ule ni kuteleza tu. Ofisini wananiita Mama Tarehe. Baba yangu, ambaye ni seremala mstaafu, nilipomwonyesha kwenye simu aliwaita majirani watatu akawaambia, "Tazameni, hii mwanangu hajanunua popote, kaichonga mwenyewe," na mimi nikasimama pale kichwa kimevimba hata mlangoni nisingepita.

Sasa mwaka huu akaja mwenzetu mpya, mwanamke wa rika langu, tunamwita Chapchap kwa jinsi anavyofanya kazi, na wiki yake ya pili tu akauliza mbele ya watu kwa nini tunajichosha kuchonga kila kitu wakati maktaba zipo, na hapa nikueleze mshauri kwamba maktaba katika kazi yetu haina kitabu hata kimoja, ni mkusanyiko wa vipande ambavyo watu wengine, hata hujui wanaishi wapi, wameshavitengeneza na kuvijaribu, vitufe, kalenda, visanduku vya ujumbe, kazi yako ni kuvichukua na kuvipachika. Damu ilinichemka, kwa sababu mimi hizo maktaba nazijua, tulitumia moja miaka sita iliyopita, wenyewe wakachoka wakaacha kuihudumia, vivinjari, zile programu za kufungulia tovuti, vikabadilika, na asubuhi moja kurasa zote za mteja wetu zikafunguka zimepinda na vitufe havibonyezeki, na aliyekaa wiki tano akiokota vipande ni mimi. Nikamwambia, "Dada, hivyo vitu vina wenyewe, siku wakivitelekeza utalia na nani?" Naye bila hata kugeuza kiti akajibu, "Na vyako siku ukiumwa wewe, sisi tutalia na nani?" Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka meno tu.

Mkuu wetu akaamua ulinganisho ufanyike, faida na hasara za pande zote mbili, ripoti isomwe Ijumaa hii mbele ya wakuu wa hospitali, maana wanataka mfumo upelekwe matawi yao mengine manne. Akanikabidhi mimi niiandike. "Wewe hujawahi kunidanganya," alisema hivyo hivyo. Nikapima, kalenda yangu ikafunguka kufumba na kufumbua, ile ya maktaba ikachukua sekunde kumi na moja, nikajipigia makofi peke yangu mezani. Kesho yake ndipo nikashtuka kwamba kalenda yangu nilikuwa nimeshaifungua mara elfu kwenye kompyuta ile ile, kwa hiyo ilikuwa imehifadhiwa mle ndani, haikushushwa upya kutoka kwenye intaneti, wakati ya maktaba ilikuwa inaingia kwa mara ya kwanza, tena niliipakia nzima na vipande vyake mia na kitu ilhali tulihitaji kipande kimoja tu. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, mshauri, na mimi nina miaka kumi na tano kazini. Nikapima upya kwa haki, yangu sekunde moja, yao sekunde moja na nusu. Halafu zile kumi na moja nikaziacha kwenye ripoti kama zilivyo, na kwenye mstari wa malalamiko ya watumiaji nikaandika "hakuna".

Jana Jumatatu nikaenda hospitali yenyewe, nilitaka picha ya mtu anayetumia mfumo wangu huku anatabasamu, niiweke ukurasa wa mbele wa ripoti. Pale mapokezi kuna mama wa miaka kama hamsini na mitano, mkono wake wa kulia unatetemeka tangu alipougua miaka miwili iliyopita, kipanya hakimtulii kabisa, lakini kibodi anaipiga kwa mkono wa kushoto mpaka unamwonea wivu, jina la mgonjwa, namba ya simu, daktari, anaruka kisanduku hadi kisanduku bila kuinama kuangalia vidole, huku anamuuliza mgonjwa habari za magoti yake. Akafika kwenye kalenda yangu. Akabonyeza mishale, kimya. Kalenda yangu haisikii kibodi, inasikia kipanya tu, kwa sababu mimi siku zote natumia kipanya na haikuwahi kunipitia kichwani kwamba kuna asiyekitumia. Yule mama akainua shingo akaita, "Baba, njoo unibofyee!" na askari akaacha mlango, akaja akabofya tarehe, akarudi mlangoni. Mgonjwa wa pili vivyo hivyo. Nilihesabu kwa saa moja, askari alikuja mara kumi na nne.

Nilipomuuliza kwa nini hajawahi kusema, alinishangaa. "Niseme nini, mwanangu? Mashine haina kosa, kosa ni la mkono wangu." Na aliposikia kuwa mtengenezaji ndiye mimi akanishika bega, "Wewe? Mwanamke mwenzetu? Hongera sana, ni nzuri mno!" na mimi nikasema asante mama, nikampiga picha, nikaondoka. Mlangoni msimamizi wake akaninong'oneza kwamba kuanzia Jumatatu ijayo yule mama anapelekwa stoo ya mafaili kwa sababu anachelewesha foleni, yeye mwenyewe hajaambiwa, na meza ile ameikalia miaka ishirini na miwili, wagonjwa wengine anawajua tangu wakiwa wamebebwa mgongoni.

Kuifundisha kalenda yangu kusikia kibodi, nikiifanya kazi ya kueleweka, ni wiki tatu. Ile ya maktaba inasikia tangu ilipozaliwa, na Chapchap anasema kuipachika ni siku moja, nimejaribu kwa siri na kweli ni siku moja. Sasa niambie, niipitishe ripoti yangu nikae kimya, halafu niirekebishe kalenda yangu polepole bila mtu kujua, au nimeze aibu nimpe Chapchap ushindi mbele ya watu wale wale waliocheka? Na baba nitamwambia nini? Nafsi inanisuta. Jina langu usilitaje.

Fundi Mwenye Kichwa Kilichovimba

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina la utani nimelibadilisha, maana umeomba usitajwe wakati umeshajitaja mwenyewe aya ya pili. Na jibu nimekutumia leo leo, wasomaji wengine watalikuta gazetini ukiwa umeshamaliza kazi.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili na mpwa wangu anayefanya kazi kama yako, kwa sababu mimi kompyuta naijua kwa kuandikia tu. Huyo mpwa wangu hasifu mtu ovyo. Alipofika pale kwenye kalenda iliyotengenezwa kuanzia sifuri na mtu mmoja, alipiga mluzi. Kwa hiyo nianze kwa kukupa haki yako: jivune. Nimechoka na watu wanaomwambia mwanamke ajishushe kila anapojua jambo. Unajua kazi, na baba yako hakukosea kuwaita majirani.

Sasa tugombane.

Kusahau kwamba kalenda yako imeshahifadhiwa kwenye kompyuta ni bahati mbaya, hata mpwa wangu alikiri kwamba yamewahi kumkuta. Kuziacha zile sekunde kumi na moja baada ya kujua ni uongo, bibie, na umeuandika kwa mkono wako kwenye karatasi ya mtu aliyekuambia hujawahi kumdanganya. Na hapo penye malalamiko uliandikaje "hakuna"? Tuseme ulikuwa hujui. Tangu jana unajua. Mtu anayemwita askari mara kumi na nne kwa saa moja analalamika, tena kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Halafu unaniuliza kuhusu baba yako. Mpigie simu, umuulize: katika makabati yote aliyotengeneza maishani mwake, bawaba alizifua mwenyewe? Na vitasa je? Alikwenda dukani, akazifungua na kuzifunga mpaka muuzaji akachoka, mbovu akaziacha, nzuri akazichukua, na kabati likaitwa lake na hakuna aliyembishia. Kujua kipi uchonge na kipi uchague ni sehemu ya ufundi, na seremala atakuelewa haraka kuliko unavyodhani.

Hofu yako ya kutelekezwa siidharau, wiki tano za kuokota vipande si mchezo. Chapchap naye ana swali la kujibu hapo, na umwambie nimesema. Ila dawa yake si kukataa kila kitu. Msiichukue maktaba nzima, chukueni kalenda peke yake. Kabla ya hapo angalieni nani anaihudumia, mara ya mwisho kuirekebisha ilikuwa lini, maswali ya watu yanajibiwa au yanaoza, na leseni yake inawaruhusu kuitumia kwa kazi ya kulipwa. Mpwa wangu anasema kalenda ipachikwe kupitia sehemu moja tu ya mfumo wenu, mtakayoiandika nyinyi, ili wenyewe wakichoka siku moja mbadilishe hapo tu, si kuzunguka kurasa zote na nyundo. Jedwali lako la madaktari libaki, anasema hakuna la kuokota linaloweza kujua zamu za hospitali ile kama lako. Vitufe navyo vibaki kama vinasikia kibodi, na kulijua hilo ni rahisi, kifungie kipanya chako kwenye droo siku nzima uone utakwama wapi.

Na ule mpango wako wa kurekebisha polepole kwa siri, uache. Umeniambia wewe mwenyewe ni wiki tatu. Yule mama amebakiza siku nne za kazi, na leo ni moja yake. Ukiwa na wiki tatu baadaye, jichongee kalenda inayosikia kibodi, kipanya na hata kikohozi, ukiweza kuishinda ile ya maktaba ibadilishe na nitakuwa wa kwanza kukushangilia. Wiki hii azima.

Utafanya hivi. Ukimaliza kunisoma, nenda kwa mkuu wako kabla hujaingiwa na woga, mwambie zile sekunde si za kweli, na za kweli ni zipi. Atakasirika. Mwache akasirike, kisha mpe karatasi mpya. Kutoka hapo nenda mezani kwa Chapchap umwambie kwenye kalenda alikuwa sahihi. Ukishindwa kujizuia, ongeza kwamba kwenye jedwali mshindi ni wewe, mimi sitakulaumu. Kesho mpachike pamoja. Alhamisi asubuhi mwende wote wawili hospitali, mkaijaribu kwenye kompyuta ya yule mama, kwenye kiti chake, kwa mkono wake wa kushoto. Na kabla hajagusa kitu umwambie, kwa maneno haya haya na usiyapambe: "Mama, mkono wako haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu." Miaka miwili amekuwa akijilaumu kwa uzembe wako, na hilo halirekebishwi na Chapchap wala na maktaba yoyote.

Ijumaa, wakuu wakishakaa, ile picha ya kutabasamu usiioneshe. Muombe mama mwenyewe aje apange miadi mbele yao, wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi, askari akiwa amesimama mlangoni kwake anapolipwa kusimama. Wapimie foleni. Kisha simama wewe, fundi, useme wazi kwamba kilichokuwa kinaichelewesha ni kalenda uliyoitengeneza, na uulize yale mambo ya stoo ya mafaili yanafutwa lini. Usikubali "tutaangalia". Funga kompyuta yako, ukae kwenye kiti, usubiri mwenye mamlaka atamke kwamba mama habanduki mapokezi. Wakisita, endelea kukaa.