Kumbikumbi Hawaamriwi na Mtu

Mjukuu wangu Wafula,

Usicheke. Nimerithi jina la marehemu nyanya yako, kwa hiyo mimi ni nyanya yako hata kama niko kidato cha tatu. Hapa Busibwabo tu wazima.

Uliuliza nani huwaamuru kumbikumbi watoke. Hakuna. Mwaka jana mama aliugua, akakataa kila chakula isipokuwa kumbikumbi. Nikapiga vijiti kwenye kichuguu kwa nguvu ili wadhani mvua inanyesha, hawakutoka.

"Wewe, hiyo ni mvua ama ni polisi?" mama akauliza.

Nikapiga polepole, kama manyunyu. Kila mmoja alihisi mtetemo udongoni, akamgusa jirani yake, wakamiminika wote. Hiyo ndiyo fizikia.

Mama alimaliza sahani, akauliza kama ugali umebaki.

Nakupenda,
Nyanya Nabwire