Sabuni Yetu Imepita Mbele ya Juri

Mave, rafiki yangu,

Tumepita! Nakuandikia sasa hivi, koo limekauka, maana nimeimba na wamama wa soko tangu tulipotoka shuleni mpaka hapa nyumbani Mudzipela. Tumepita, Mave. Sisemi nimepita. Walimu wa juri walisoma majina mawili, lako likatangulia, na lilipotajwa watu walipiga makofi kuliko waliyonipigia mimi. Sikuona wivu. Kidogo tu.

Ngoja nikueleze yote kwa utaratibu. Ungekuwa hapa ungenikatiza kila mara: "Na kisha? Na kisha?" Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyoanza. Shule ya biashara ilitaka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aanzishe biashara ndogo ya kweli, aiendeshe, kisha aandike alichojifunza na kukitetea mbele ya walimu. Vita vilikuwa vimepunguza wanafunzi, na vitabu pia, kwa hiyo walituruhusu kufanya kazi wawili wawili. Mimi nilitaka tuuze karatasi na kalamu. Niliona ni vitu vya utulivu, havihitaji kelele. Ulinitazama kama mtu aliyemeza mfupa.

"Karatasi? Watu wanakimbia na watoto ku mugongo, weye utawauzia karatasi? Watu iko na uchafu, Roza. Tupike sabuni."

Ulikuwa na haki. Malori ya sabuni kutoka mpakani yalikuwa yanafika siku yanayotaka yenyewe, na shangazi yako kule Djugu alikuwa amekuonyesha jinsi ya kupika sabuni ya mawese. Tulipata mafuta, tukapata soda kali, ile inayounguza ngozi, tukaazima sufuria kwa mama yangu. Tulichokosa ni mbao za kutengenezea masanduku ya kumiminia sabuni. Nilienda kuchota maji, na niliporudi nikakukuta uani na nyundo. Kitanda chako, kile ulichokuja nacho kukaa kwetu, kilikuwa kimelala chini vipande vipande.

"Nitalala ku mukeka," ulisema. "Kitanda haiingizi kitu."

Sabuni ya kwanza ilikataa kuganda. Tulingoja, tukaifunika, tukaiombea, ikabaki uji mwekundu. Nilikaa chini nikalia kweli, maana niliona mwaka mzima wa masomo unatiririka pale. Weye ulichovya kidole, ukanusa, ukacheka mpaka jirani akachungulia juu ya uzio. "Roza, tumevumbua supu!" Kisha ukafuta machozi ya kicheko, ukauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Tulikosea wapi?"

Ya pili iliganda vizuri, ngumu kama tofali. Ukaijaribu kwa kitenge changu kile cha ndege wa kijani. Ndege waliondoka, Mave. Walibaki miguu tu. Mikono yako ikachubuka, nami nikakupaka mafuta huku nikiomboleza kitenge changu. Kesho yake ukajifunga kitenge kile kile, ukapita nacho katikati ya soko, na kila aliyeuliza ukamjibu: "Hii iko ya pekee mu Bunia yote." Tuliporudi ukauliza tena: "Tulikosea wapi?" Soda ilikuwa imezidi. Tukaandika.

Ya tatu ilitoa povu kama maziwa. Siku ile tuliosha kila kitu ndani ya nyumba, hata mbuzi wa jirani.

Kisha ikaja kazi niliyoiogopa. Tulikaa sokoni na beseni letu kando ya Mama Bahati, yule muuza samaki wa moshi wa Tchomia, na mimi nikakaa kimya, nikingoja watu waione sabuni wenyewe. Walipita. Ukanigusa ubavuni.

"Sabuni haina mudomo, Roza. Weye iko mudomo yake."

Ukasimama juu ya kiti, ukaita kwa sauti iliyofika mpaka kwa wachinjaji: "Sabuni! Sabuni ya mawese! Inaosha mpaka jina ya bwana wa zamani!" Wamama walianguka kwa kicheko, na beseni likabaki tupu kabla jua halijafika katikati. Tukagawana kazi siku hiyo. Mimi nitaandika mapishi, gharama na makosa, weye utaandika juu ya wateja na namna ya kuuza. Nilishukuru Mungu moyoni kwamba sehemu ile si yangu.

Halafu vikaja vita vyenyewe, mpaka mlangoni kwetu. Uliviona, sina haja ya kukusimulia milio. Nakumbuka tu tulivyokimbia kuelekea uwanja wa ndege, weye na sufuria kichwani kama kofia ya askari, nami na mfuko wa karatasi zetu, mama yangu mbele akituita kwa majina ili tusipotee. Nakumbuka wale vijana njiani waliosimamisha watu na kuuliza kabila. Walipofika kwako, na kabila lako ndilo walilokuwa wakiliwinda, nilikushika mkono. Mama yangu akawatazama, akaitazama sufuria ile yenye madoa, akasema: "Huyu? Huyu iko kabila ya sabuni." Mmoja wao akacheka bila kutaka. Tukapita. Mpaka leo sijui kama ni kicheko kilichotuokoa au Mungu, na mama anasema hakuna tofauti.

Kule kambini kando ya uwanja wa ndege, chini ya mahema, ulikaa bila kazi kwa muda mfupi tu, kisha ukaanza kutafuta mawe matatu ya jiko. Nilikuambia masomo yamekwisha, shule imefungwa, nani atasoma kazi yetu? Ukasema watoto wanajikuna, basi kazi iko. Tukapika. Wamama wa kila upande wa vita wakaja kukoroga kwa zamu na mwiko mrefu, wale ambao ndugu zao walikuwa wakiwindana huko mjini. Mwanzoni walikoroga kimya. Soda ilipoanza kuwaka puani wakaanza kukohoa pamoja, kisha kulaumiana, kisha kucheka, na jioni kila mmoja akaondoka na kipande chake. Hakuna darasa lililonifundisha hilo. Nililiona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama kando yako.

Kisha homa.

Hapa siandiki sana. Tulidhani ni malaria ya kawaida, ile ya kila mtu. Dawa hazikuwapo. Nilikuwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, nawe ukawa unaniuliza kama sabuni imeganda. Nikasema imeganda. Ukasema, "Nzuri." Ilikuwa mchana, watoto wakicheza mpira wa matambara pale nje. Barabara ya kwenu ilikuwa imefungwa, tukakuzika hapa hapa Bunia, na mama yako kule Djugu akapata habari baadaye, kwa mdomo wa mpita njia. Nimekukasirikia, Mave. Nimekukasirikia sana kwa kuondoka. Imepita sasa. Karibu yote.

Tuliporudi Mudzipela nyumba ilikuwa bila milango, lakini ilikuwapo. Shule ikafunguliwa, madarasa nayo bila milango. Nilipeleka kazi yetu kwa sekretari, na juu yake nilikuwa nimeandika majina yetu mawili. Akachukua kalamu, akataka kulikata la kwako.

"Mwenye alikufa hawezi kutetea kazi," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo sheria.

Rafiki, unanijua. Roza wa zamani angesema asante, akatoka, akalia nyuma ya choo. Mimi nilishika ile karatasi. Nikasema nataka kumwona Mkurugenzi. Sauti haikutetemeka, nami nilishangaa kuisikia. Nilimwambia Mkurugenzi kwamba nikiandika jina langu peke yake, ukurasa wa kwanza utakuwa uongo, na kazi yenyewe inahusu uaminifu kati ya wenye biashara. Nilimwambia kitanda kilichobomolewa hakikuwa changu. Aliichukua kazi yetu, akasoma majina yote mawili.

"Jina litabaki," akasema mwishoni. "Lakini utatetea sehemu zote. Hata zake."

Zako, Mave! Kuuza! Nilitoka nikiwa na furaha na hofu, sijui ipi ilikuwa kubwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Bahati, nikamweleza. Akaweka chini samaki wake, akafunga kitenge vizuri, akanifundisha kuita kama mtu anavyofundishwa kuimba kanisani. "Usiite kwa pua, ita kwa tumbo! Unaomba musamaha ao unauza?" Nilianza na sauti ya panya. Wauza mihogo walinicheka, nikaita tena. Kuna siku madereva wa lori la Mongbwalu walisimama wakadhani kuna ugomvi. Siku hiyo Mama Bahati alisema sasa niko tayari.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Nilivaa blauzi nyeupe, uijuayo. Walimu watatu wa juri walikaa mbele, na nyuma yangu nilitarajia kuona mama yangu na viti vitupu. Nikageuka. Wamama wa soko walikuwa wamejaa, na mabeseni yao magotini, na darasa zima lilinuka samaki na vitunguu. Na katika safu ya mbele, Mave, alikuwa amekaa mama yako. Alifika jana na msafara, mara ya kwanza tangu mapigano kukanyaga mji huu. Alinyoosha mkono akanirekebisha kola.

Nilieleza mapishi, nikaeleza gharama. Nilipofika kwenye makosa, mwalimu mmoja mwenye miwani akanisimamisha. "Mademoiselle, kurasa nyingi hapa ni za kushindwa. Sabuni iliyokuwa uji, sabuni iliyokula kitenge. Unatufundisha nini na haya?"

Jibu lilitoka lenyewe. Nikasema, Bwana Mwalimu, nilipoingia shule hii niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa njaa. Mwenzangu alipoteza kitanda na ngozi ya mikono, na kila mara aliuliza tulikosea wapi. Hakuuliza hata siku moja ni nani aliyekosea. Ndiyo maana sabuni ya tatu ilitoa povu. Nikasema, katika mji huu wetu tumeuliza nani, nani, nani, mpaka milango ya shule imekuwa kuni. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Kisha prezida wa juri, mzee mwenye sauti nzito, akafungua sehemu yako. Akasoma kidogo, akatabasamu. "Hapa imeandikwa kwamba muuzaji ni mdomo wa sabuni. Haya. Niuzie."

Nilikuwa na kipande kimoja mfukoni. Nikakitoa. Nikatazama dari la mabati lenye matundu ya risasi, na jua likipita mle. Nikavuta pumzi mpaka tumboni. Nikaita, Mave! "Sabuni! Sabuni ya mawese!" Na kabla sijafika mwisho, wamama wote nyuma yangu wakamaliza kwa sauti moja: "Inaosha mpaka jina ya bwana wa zamani!"

Vigelegele vikapaa. Mabeseni yakapigwa kama ngoma. Prezida akagonga meza, "Kimya! Kimya, hii haiko ndoa!" lakini mabega yake yalikuwa yanaruka kwa kicheko, na yule wa miwani akauliza kwa sauti ya chini kama nimebakiwa na kipande kingine, maana mke wake anatafuta.

Walipotoka kushauriana sikuweza kukaa. Walipoingia walisoma majina yetu. Distinction, Mave, alama za juu! Sisi, watu wa supu. Mara nikasikia kitu baridi kichwani. Ni poda, ile ya kumpongeza aliyefaulu! Wamama walikuwa wameificha ndani ya mabeseni. Walinimwagia mpaka nyusi zikawa za bibi kizee. Mama yako alisubiri wote wamalize. Kisha akamimina ya kwake polepole, viganja viwili, kimoja kimoja.

"Hii yako," akasema. "Na hii ya mwenzako. Umubebee."

Nimeibeba njia nzima, tukiimba, na wenye pikipiki wakatupigia honi.

Mambo yalivyo sasa ni haya. Mama yangu mzima, anajisifu kwa kila mtu. Mama Bahati ametupa nafasi ya kudumu kando yake. Mama yako atakaa nasi mpaka njia itulie. Tulipofika nyumbani aliitazama sufuria yetu, akasema moto wetu ni mkali mno, na nadhani ana haki.

Nakuaga, rafiki yangu. Pumzika kwa amani ya Mungu, na huko uliko usiwachoshe watakatifu kwa maswali. Nakuahidi hivi: njia ya Djugu ikifunguka nitamsindikiza mama yako mwenyewe mpaka kwenye uwanja wa nyumba yenu, nitajenga naye jiko, na sitarudi Bunia kabla wamama wa kule hawajakata sabuni yao wenyewe. Na ikikataa kuganda, tutauliza wapi.

Lazima niache kalamu. Sombe ya majani ya muhogo imeiva, na mama yako anatuita mezani. Ameita "Mave!" kwa mazoea, kisha akanyamaza ghafla kule jikoni.

Nimeitika.

Roza