Makanisa ya Ufaransa na Mlango Mmoja

Jumamosi, 7 Machi 2015. Louisville

Nimetoka kazini, miguu inauma. Hata hivyo nimechora. Kanisa la nne, la kale, Ufaransa, kutoka kitabu cha maktaba. Padri wa Columbus ataonyesha picha hizi kanisani kwake kabla ya Pasaka. Matao yamekaa vizuri. Mlango umeharibika. Nilitaka kivuli chepesi tu. Rangi za maji zilipokauka, giza lilikuwa na mabega.

Jumatano, 11 Machi

Nimeuchora upya. Mabega yale yale. Ya Amani, kaka yangu. Mtu mzima mimi, naogopa karatasi.

Waasi walipovamia parokia yetu kule Kivu, Kongo, kabla hatujaja Marekani, Amani alirudi kanisani kutoa wagonjwa. Hatukumwona tena. Mama bado anasali arudi.

Jumapili, 15 Machi

Mama alisimama nyuma yangu, akatazama picha.

"Mbona Amani umemwacha mlangoni?"

Sikuwa nimemwambia kitu.

Jumamosi, 28 Machi. Columbus

Picha ziko ukutani, ukumbi wa kanisa, mtaa wa Linden. Watu wanasifu. Neema, mke wa Amani, amekuja na basi kutoka Buffalo. Alipofika kwenye picha ya nne, akakaa sakafuni.

"Shemeji, futa huyu mtu. Hayuko pale."

"Yuko wapi?"

"Nilimzika. Mimi na katekista. Nyuma ya kanisa, upande wa sakristia."

Miaka yote hii! Anasema aliogopa. Mama alikuwa anaishi kwa kumngoja tu. Nimemkasirikia. Nimemhurumia. Bon, basi, vyote viwili.

Jumapili, 29 Machi. Louisville

Neema amekuja nami. Amemwambia Mama mwenyewe, akiwa amepiga magoti.

Mama hakulia. Aliuliza moja tu: "Ulimfunika?"

"Kwa kitenge changu cha harusi, Mama."

Ndipo Mama akamvuta kifuani. Kilio kama kile sijawahi kukisikia. Majirani walibisha hodi.

Jumanne, 7 Aprili

Sichori. Mama hagusi chakula. Nikifumba macho, mlango upo.

Jumamosi, 16 Mei. Buffalo

Tuko kwa Neema, mtaa wa Riverside. Asubuhi jina la Amani limesomwa misani, pamoja na marehemu. Mara ya kwanza.

Baadaye tumetembea hadi mtoni, polepole, Mama katikati yetu. Upepo mwingi. Akauliza ng'ambo ile ni nchi gani.

Kanada, nikamwambia.

Akaitazama. Kisha akasema ana njaa.