Kamera ya Gari na Maua ya Mama Yako

Mwanangu Kanlaya,

Hujambo huko Taiwan? Sisi wazima, na pilipili za kukaanga nimekufungia humu kwenye kifurushi. Nisamehe kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea.

Kamera uliyotutumia tumeifunga kwenye pikapu. Laini yake ya intaneti, ya kukurushia picha huko, ilisajiliwa kwa jina langu, nikapigwa picha, bando tukanunua. Halafu ukanipigia unalalamika, "Baba, mbona naona giza tupu?" Basi nikajaza upya mipangilio ya intaneti mara nne, nikachomoa laini nikairudisha, nikamgombeza aliyeniuzia. Kumbe ni shada la yasmini ambalo mama yako humtundikia Bibi, roho mlinzi wa gari, pale kwenye kioo! Limeziba kamera, nami nililitazama asubuhi nzima bila kuliona.

"Toa hayo maua," nikamwambia.

"Thubutu!" akajibu. "Bibi ametulinda miaka ishirini. Hiyo kamera yako imemlinda nani? Isogeze yenyewe, mzee!"

Nimeisogeza. Sasa utaona njia yote. Jumanne utatuona tumeegesha hospitali kutwa. Usishtuke, ni macho yangu tu. Daktari amenikataza usukani.

Na ukisikia mwanamke akiwafokea nyati wa kufugwa waliolala barabarani, ongeza sauti usikilize vizuri. Huyo ndiye mama yako, dereva wetu mpya. Kazi yangu mimi ni kushika maua yasiyumbe kwenye kona, na anasema hata hiyo siiwezi.

Baba yako, abiria,
Thongdam